Mita Ni Mizani ya Nani?



Zamani mtu aliyekwenda sokoni kununua mchele aliuona mchele wenyewe, na kibaba cha kuupimia alikiona pia. Mwuzaji akikijaza mpaka kikafanya kichuguu, mnunuzi alishukuru. Akikikata juu kwa kiganja, mnunuzi alisema papo hapo, "Ongeza kidogo, ndugu yangu." Vibaba vinne vilifanya pishi moja, na hata mtoto aliyetumwa dukani aliijua hesabu hiyo. Kipimo kilikuwa mbele ya macho ya watu wawili.

Umeme hauuzwi hivyo. Hatuuoni ukiingia nyumbani, wala hatuwezi kuuonja au kuunyanyua kwa mkono tujue uzito wake. Kipimo chake ni kisanduku kidogo kilichopigiliwa ukutani au kilichowekwa juu ya nguzo. Kisanduku hicho kipo kwetu lakini si chetu. Ni mali ya shirika linalotuuzia umeme. Kimefungwa kwa lakiri, na sheria inatukataza kukifungua. Mwuzaji ndiye mwenye mizani, na mnunuzi hulipa kwa kuamini.

Mara nyingi kuamini huku hakuleti hasara, kwa kuwa mita nyingi hupima sawasawa. Lakini mita ni kazi ya mikono ya wanadamu, na kama kazi zote za mikono yetu, huchakaa na kuharibika. Nyingine hukimbia, nyingine huchelewa, nyingine husimama kabisa. Ndipo linapozuka swali ambalo tumeona yafaa kulijadili katika gazeti letu: mita ikisema uongo, ni nani anayepaswa kusema kweli?

MITA YAPIMAJE?

Kabla ya kuingia katika swali lenyewe, hebu tukumbushane kazi ya chombo hiki, maana mtu asiyejua kipimo hawezi kudai haki ya kipimo.

Umeme hupimwa kwa uniti. Uniti moja ni umeme unaotumiwa na chombo cha wati 1,000 kwa muda wa saa moja. Taa ya wati 10 ingehitaji kuwaka saa 100 ili kumaliza uniti hiyo moja. Mita za zamani zina sahani ya alumini inayozungushwa kwa nguvu za sumaku, na sumaku nyingine huizuia isikimbie kupita kiasi. Sumaku hiyo ya kuzuia ikidhoofika, sahani hukimbia. Vumbi na kutu vikiingia katika mhimili, sahani huchelewa. Usoni pa mita pameandikwa sahani inazunguka mara ngapi kwa uniti moja. Ikiwa imeandikwa 600, na nyumbani kumewashwa chombo kimoja tu cha wati 2,000, basi sahani yapasa kuzunguka mara 20 kwa dakika. Mtu mwenye saa ya mkono na subira kidogo aweza kuhesabu mwenyewe.

Mita za siku hizi hazina sahani. Zina taa ndogo inayometameta. Ile iliyoandikwa 1,000 kwa uniti, chombo cha wati 1,000 kikiwaka peke yake, taa yake yapasa kumeta mara moja kila baada ya sekunde tatu na nusu hivi. Nyingi za mita hizi ni za kulipa kabla ya kutumia. Tanzania Bara zilianza kuenea katika miaka ya 1990 kwa jina la LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Unavyotumia. Zanzibar watu husema TUKUZA, na Kenya husema tokeni. Sote twazijua zile tarakimu 20 zinazobonyezwa kwa kidole.

Watu wengi hudhani kwamba mashine ya namna hii haiwezi kukosea. Yafaa tukumbuke lililotokea mwaka 2024. Mita za aina hiyo, katika nchi nyingi duniani, zilikuwa zimepangwa kuhesabu dakika tangu tarehe 1 Januari 1993, na hesabu yao ilikuwa ijae tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya siku hiyo, mita ambayo haikuingiziwa namba za kuirekebisha isingekubali umeme mpya. Hapakuwa na uovu katika jambo hilo. Walioipanga walikuwa wanadamu wenye akili, wakaweka mpaka, na mpaka ukafikiwa.

Walakini tusiishtaki mita kabla ya kuchunguza. Mara nyingi umeme huliwa na friji kuukuu ambalo mpira wa mlango wake umelegea, au na waya uliochubuka unaovujisha umeme ukutani, au na jirani aliyejiunganishia usiku. Mara nyingine ni bei. Kwa bei zilizotangazwa Tanzania mwaka 2016, mtumiaji mdogo wa nyumbani alilipa shilingi 100 kwa kila uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi, na kila uniti iliyozidi hapo alilipa shilingi 350, kabla ya kodi. Mtu aliyevuka mpaka huo alipata uniti chache kwa fedha zile zile, akadhani ameibiwa. Tena tangu mwaka 2021 kodi ya majengo Tanzania ilianza kukatwa katika ununuzi wa umeme. Wapangaji wengi waliona uniti zimepungua, wasijue kwamba wamemlipia mwenye nyumba kodi yake. Kwa hiyo, kwanza tuhesabu, ndipo tulalamike.

NYUMBA MBILI

Sasa tueleze habari za nyumba mbili tunazozijua. Majina ya wenye nyumba hatutayataja, wala jina la shirika lililohusika, kwa kuwa tunataka kujifunza na hatutaki kumwaibisha mtu.

Nyumba ya kwanza ni ya mama mjane anayeuza maandazi. Ana taa nne, redio, televisheni ndogo, na friji ndogo la kupozea maji ya kuuza. Tulipokaa naye kuhesabu vyombo vyake, tuliona kwamba nyumba ile haifai kutumia zaidi ya uniti mbili kwa siku. Mita yake ilikuwa ikila nne. Kwanza mama huyu alianza kuzima friji usiku. Kisha akawakataza watoto kusoma baada ya saa tatu. Uniti zikaendelea kuisha.

Alipokwenda ofisini aliambiwa, "Mama, mita haikosei. Katafute fundi aangalie nyaya zako." Akamlipa fundi mwenye leseni, naye hakuona kasoro. Aliporudi aliambiwa aandike barua. Akaandika. Aliporudi mara ya tatu, barua haikuonekana. Tukamshauri anunue daftari la shule, na kila jioni saa kumi na mbili aandike namba inayoonekana katika mita, na kila risiti aiweke katika kopo. Siku moja alizima swichi kuu mbele ya majirani wawili, na taa ya mita ikaendelea kumeta ingawa hakuna chombo hata kimoja kilichokuwa kinatumia umeme. Wote watatu wakatia sahihi katika daftari.

Daftari lile lilipofika kwa msimamizi, ndipo ilipowekwa mita ya pili sambamba na ile ya kwanza kwa muda wa siku saba. Mita ya zamani ilihesabu uniti 28, na mpya ikahesabu 13. Ile mbovu ikaondolewa. Kwa uniti zilizokuwa zimepotea, mama alirudishiwa za miezi mitatu tu, ile ambayo risiti zake zilikuwapo. Miezi iliyotangulia ilikuwa hasara yake.

Nyumba ya pili ni ya fundi seremala mwenye watoto wawili katika sekondari. Mita yake iliganda. Taa ziliwaka, pasi ilipata moto, na uniti hazikupungua hata moja. Hakuigusa mita ile. Lakiri ilikuwa kamili. Mwezi wa kwanza alidhani ni jambo la siku chache. Ulipofika mwezi wa tano bila kununua umeme, mkewe alimwuliza, "Baba, hivi huu umeme tunaotumia ni wa nani?"

Majirani walipopata habari walicheka, wakamwambia ana bahati. Ni majirani wale wale waliokuwa wamemsikitikia mjane na kulilaani shirika kwa ajili yake. Na hapa ndipo penye fundisho letu.

MAWE MAWILI

Katika Torati, kitabu cha Kumbukumbu la Torati sura ya 25, imekatazwa mtu kuwa na mawe mawili ya kupimia katika mfuko wake, kubwa na dogo. Tunavyoelewa, katazo hilo halikungoja mpaka mtu apunje mteja. Lilikataza kule kuwa nayo tu. Mtu mwenye mawe mawili mfukoni amekwisha kuamua kwamba atapima kwa namna moja anapotoa na kwa namna nyingine anapopokea, hata kama leo hajapata nafasi.

Sasa tujiulize: mtu anayepiga kelele mita ikikimbia, na kunyamaza ikisimama, ana mawe mangapi? Anaposema, "Nataka haki," je, anataka haki kweli, au anataka faida, na neno haki amelikopa kwa sababu siku hiyo linamfaa?

Tunajua majibu yanayotolewa, nayo si ya kipuuzi. Yafaa tuyapime moja moja.

Jibu la kwanza husema shirika ni kubwa, halitahisi uniti chache za seremala. Ni kweli halitahisi. Lakini umeme usiolipiwa hauwi umeme wa bure. Huingia katika hesabu ya upotevu, na upotevu hurudi katika bei, au katika nguzo iliyooza isiyobadilishwa, au katika transfoma iliyoungua ikakaa miezi. Wa kwanza kuumia ni mtu kama yule mjane, ambaye hana mita iliyoganda.

Jibu la pili husema shirika limewapunja wengine, kwa hiyo si vibaya likipunjwa nalo. Lakini fedha aliyobaki nayo seremala haikwenda kwa mjane. Ilibaki mfukoni mwake. Mtu hawezi kumlipia mwenzake kisasi halafu akaweka fidia katika mfuko wake mwenyewe.

Jibu la tatu husema, "Mita sikuiharibu mimi." Hili lina nguvu zaidi. Kweli kuna tofauti kubwa kati ya mtu ambaye mita imeganda yenyewe na mtu aliyemwita kishoka aje usiku kuruka mita kwa waya. Wa pili ni mwizi, tena anahatarisha nyumba kwa moto na watoto kwa kurushwa na umeme. Wa kwanza si mwizi siku ile mita ilipoganda. Lakini mtu akiokota mkoba njiani, hana kosa kwa kuuokota. Anaanza kuwa na jambo la kujibu siku anapomjua mwenyewe akanyamaza. Seremala alimjua mwenyewe.

Jibu la nne ndilo gumu kuliko yote. Husema, "Nikitoa taarifa nitaitwa mwizi. Nitatozwa faini, nitakatiwa umeme, na aliyenyamaza atabaki salama." Hatuwezi kulitupilia mbali jibu hili. Watu wameyaona mambo hayo, na hofu hiyo haikuanza hewani. Mahali ambapo mkweli huadhibiwa sawasawa na mwongo, ukweli huwa mzigo wa kubebwa na wachache. Lakini jibu hili halisemi kwamba kunyamaza ni haki. Linasema tu kwamba kusema kuna gharama. Gharama hiyo twaweza kuipunguza kwa busara: kwenda mapema, kwenda na shahidi, kupeleka barua na kubaki na nakala iliyopigwa mhuri.

Seremala alikwenda na mkewe na jirani mmoja. Aliulizwa maswali makali, na mafundi wakaja kuikagua lakiri. Walipoiona haikuguswa, wakachukua wastani wa matumizi yake ya zamani, uniti 60 kwa mwezi, wakahesabu miezi mitano: uniti 300. Aliomba alipe kidogo kidogo, akakubaliwa, akalipa kwa miezi kumi uniti 30 kila mwezi juu ya zile alizotumia. Hatukusikia kwamba alishukuriwa na ofisi yoyote. Wako majirani ambao mpaka leo humwita mjinga. Hatuwezi kuwaambia wasomaji kwamba alipata tuzo, kwa kuwa hakupata. Na karo ya muhula ule aliipata kwa kuuza kabati alilojitengenezea mwenyewe. Twaweza kusema tu kwamba alipima kwa jiwe moja, na kwamba siku atakapokuwa na malalamiko dhidi ya shirika, maneno yake yatakuwa na uzito ambao maneno ya waliomcheka hayana.

MWENYE MIZANI

Tumesema juu ya mnunuzi. Lakini ingekuwa dhuluma kuishia hapo, kana kwamba mnyonge peke yake ndiye anayedaiwa uaminifu. Aliye na mizani ana wajibu mkubwa zaidi, kwa sababu ana nguvu zaidi.

Wakulima wetu wanalijua jambo hili vizuri. Anayelima viazi au vitunguu anaijua lumbesa: mnunuzi huja na magunia yake, huyashindilia mpaka yakavimba kama yana mimba, kisha hulipa bei ya gunia moja. Sheria ya Vipimo ya Tanzania ya mwaka 1982 ipo, na wakaguzi wapo, lakini mkulima aliye peke yake shambani, mvua ikikaribia na mazao yakianza kuoza, hukubali. Wakulima wa pamba wa Usukuma waliwahi kuonyesha njia nyingine. Walipochoshwa na mizani za wanunuzi, katika miaka ya 1950 waliweka wapimaji wao wenyewe, ili pamba ipimwe pia na mtu ambaye hakuwa upande wa mnunuzi. Kutokana na juhudi hizo, Paul Bomani akiwa mmoja wa viongozi wao, vilikua vyama vya ushirika, na mwaka 1955 ukaundwa Muungano wa Vyama vya Ushirika wa Victoria. Hawakuhitaji kuvunja mizani ya mtu. Walihitaji mizani ya pili.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mjane wetu. Maneno yake hayakusaidia, machozi yake hayakusaidia. Kilichosaidia ni mita ya pili iliyowekwa kando ya ile ya kwanza. Kwa nini basi ilimbidi aende mara nyingi hivyo kabla haijawekwa? Kwa sababu ofisi ilianza na imani kwamba mashine husema kweli na mtu ndiye anayekosea. Imani hiyo ni ya hatari, na madhara yake yameonekana hata katika nchi zenye mitambo bora kuliko yetu.

Huko Uingereza, tangu mwaka 1999, wasimamizi wa posta ndogo ndogo walipewa mfumo wa kompyuta ulioitwa Horizon wa kuwekea hesabu zao. Mfumo ulionyesha upungufu wa fedha ambao wasimamizi hawakuujua. Walipolalamika, wengi waliambiwa kwamba hakuna mwingine mwenye tatizo kama lao. Mpaka mwaka 2015 watu zaidi ya 900 walikuwa wametiwa hatiani kwa wizi au udanganyifu, na baadhi yao walifungwa. Mwezi Desemba 2019 Mahakama Kuu ya huko iliamua kwamba mfumo ule ulikuwa na kasoro, na mwaka 2024 Bunge lilipitisha sheria ya kufuta hukumu zile. Wengine walikuwa wamekwisha kufa.

Katika habari hiyo kuna jambo linalotugusa sisi Waanglikana. Aliyekuwa mtendaji mkuu wa shirika hilo la posta tangu 2012 mpaka 2019 alikuwa pia kasisi wa Kanisa letu huko. Mwaka 2021 alijiondoa katika huduma za mtaa, na mwaka 2024 aliwaomba radhi waathirika mbele ya tume ya uchunguzi. Hatusemi haya ili kumhukumu. Kazi hiyo imekabidhiwa wengine. Tunasema ili mtu yeyote asidhani kwamba kukaa kwa mcha Mungu katika ofisi kunatosha kuilinda haki. Hata mtu mwema, akiamini karatasi inayotoka katika mashine kuliko mtu anayelia mbele yake, aweza kuwa na sehemu katika dhuluma kubwa.

Kwa hiyo twaona mwenye mizani ana wajibu wa mambo matatu. La kwanza, akilalamikiwa kwa ushahidi, ni juu yake kuonyesha kwamba mizani yake ni nzima. Si juu ya mnyonge kuonyesha kwamba ni mbovu, maana mnyonge hana ruhusa hata ya kuifungua. La pili, makosa yarekebishwe kwa kipimo kile kile pande zote mbili. Kama seremala alilipishwa miezi yote mitano kwa kukadiria wastani, hata bila risiti, kwa nini mjane arudishiwe ile yenye risiti tu? Hayo nayo ni mawe mawili katika mfuko mmoja. La tatu, anayekuja mwenyewe kusema kweli asipokewe kama aliyekamatwa. Ofisi inayomtisha mkweli inawafundisha wengine mia kunyamaza.

SISI TULIO NA MIZANI NDOGO

Tusifikiri mwenye mizani ni shirika tu. Katika nyumba nyingi za mjini mita ni moja na vyumba ni sita. Mwenye nyumba hukusanya michango, au huweka mita ndogo kwa kila chumba. Je, mama anayewasha taa moja achange sawa na kijana mwenye friji, feni na pasi? Je, mwenye nyumba anayeuza uniti kwa bei ya juu kuliko aliyonunulia, bila kuwaambia wapangaji, ana tofauti gani na mwenye lumbesa? Na ile kodi ya jengo iliyokatwa katika umeme wa mpangaji, je, ameirudisha katika pango? Ugomvi mwingi unaoletwa kwa wazee wa kanisa huanzia katika uniti. Mara nyingi ungekwisha kama kungekuwa na karatasi moja ukutani inayoonyesha nani amelipa nini, na kwa hesabu gani.

YATUPASAYO

Ndugu wasomaji, tusiache jambo hili liwe maneno matupu. Anayeshuku mita yake na aandike namba kila siku kwa saa ile ile, kwa muda wa majuma mawili. Atunze risiti. Azime swichi kuu mbele ya shahidi na kutazama kama mita inaendelea kuhesabu. Asiiguse lakiri, wala asimwite kishoka. Aende ofisini kwa adabu, adai namba ya malalamiko, aombe mita ya pili ya kulinganisha. Akikosa jibu, asikate tamaa: Tanzania iko EWURA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001 na kuanza kazi mwaka 2006, na Kenya iko EPRA, chini ya Sheria ya Nishati ya mwaka 2019. Kusikiliza malalamiko ya watumiaji ni sehemu ya kazi yao. Asiyejua kuandika asaidiwe na vijana wetu waliosoma. Hiyo nayo ni huduma.

Na ambaye mita yake imesimama, au inakwenda polepole kuliko inavyostahili, na afanye hivyo hivyo: aandike, amwite shahidi, aende. Njia ni ile ile kwa sababu swali ni lile lile.

Wako pia miongoni mwetu wanaofanya kazi katika ofisi za umeme, maji na mizani za mazao. Hao twawaomba jambo moja. Siku atakapokuja mbele ya meza yenu mama mwenye daftari la shule lililojaa tarakimu, msimwambie kwamba mashine haikosei. Lifungueni daftari, mlisome, kisha mpelekeeni mita ya pili.